Namna ya Kuokoa Fungu la Diski Lililopotea

Katika shule zetu siku hizi kompyuta ni chombo cha kazi kama ubao na chaki. Humo mwatunzwa alama zetu, mitihani ya majaribio, kazi za watahiniwa na picha za michezo. Kwa hiyo nimeona vema niandike juu ya jambo moja linalowatisha wengi. Kompyuta imetiwa toleo jipya la mfumo wake wa uendeshaji, nayo ikiwashwa, fungu zima la diski halionekani tena. Watu husema, "Kazi zote zimekwisha." Mara nyingi neno hilo si kweli. Aghalabu kilichopotea ni maandishi mafupi yanayoeleza fungu hilo laanzia wapi na kuishia wapi, lakini vitu vyenyewe vingali mahali pake. Hata hivyo vyaweza kuangamia kweli kwa mkono wa mtu mwenye haraka.

Diski na mafungu yake

Kwanza yafaa tujue diski ni kitu gani. Diski imegawanywa katika vipande vidogo vilivyo sawasawa, viitwavyo sekta. Kwa desturi sekta moja huhesabiwa kuwa na baiti 512, na diski ya gigabaiti 500 huwa na sekta 976,773,168. Kila sekta ina namba yake, kuanzia 0. Mtu akitaka kutenga mfumo wa mashine mbali na kazi zake mwenyewe, huigawa diski moja kuwa mafungu mawili au zaidi. Mafundi huliita fungu moja patisheni. Katika Windows mafungu hayo huonekana kwa herufi, kama C na D.

Mgawanyo huo si ukuta. Ndani ya diski hakuna kitu kinachozitenga C na D ila orodha tu. Mfano wake ni mashamba. Mipakani hupandwa masale, na katika ofisi ya ardhi huwekwa ramani. Ramani ikiungua, migomba haiondoki shambani, wala masale hayang'oki. Karani tu ndiye asiyeweza kusema shamba ni la nani, na kwa kutojua aweza kumpa mtu mwingine alime.

Orodha huandikwa kwa njia mbili. Njia ya zamani huitwa MBR, nayo ilianza mwaka 1983 pamoja na PC DOS 2.0 ya IBM. Yote imo katika sekta 0. Baiti 446 za mwanzo ni za programu fupi ya kuanzishia mashine. Baiti 64 zifuatazo ndizo orodha yenyewe, yaani nafasi nne za baiti 16 kila moja. Na baiti 2 za mwisho ni alama ya kuonyesha kwamba sekta hiyo ni halali. Fikirini basi: mpaka wa kazi za shule nzima umeandikwa kwa baiti chache kuliko herufi za sentensi hii mnayoisoma sasa. Hizo zikiharibika, mashine haioni kitu.

Njia mpya huitwa GPT. Hii kwa kawaida ina nafasi 128, na kila nafasi ina baiti 128. Tena ina faida mbili kubwa. Ya kwanza, huweka nakala mbili za orodha, moja mwanzoni mwa diski na moja mwishoni kabisa. Ya pili, kila nakala ina hesabu ya kujikagua, hata mashine iweze kujua kama maandishi yameharibika. Kadhalika MBR yenye sekta za baiti 512 haiwezi kupima diski ipitayo terabaiti 2.2 hivi, lakini GPT yaweza.

Kwa nini toleo jipya hupoteza fungu

Programu ya kuingiza toleo jipya hupewa ruhusa ya kuigusa orodha. Pengine hulipunguza fungu la mfumo ili ipate nafasi ya fungu dogo la matengenezo. Pengine hubadili namba za mafungu, na pengine huandika orodha upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, au programu ikikosea hesabu, ndipo matata huanza.

Nitatoa mifano miwili ambayo haifanani. Mwezi wa Mei 2004 lilitoka toleo la Linux liitwalo Fedora Core 2. Watu waliolitia katika diski iliyokuwa na Windows XP, wengine wao waliona Windows haiwaki tena. Walidhani imefutwa, kumbe programu ya kuingizia ilikuwa imeandika katika orodha vipimo vya diski visivyopatana na vile mashine ilivyovitegemea. Faili zote zilikuwa salama. Dawa ilikuwa kusahihisha vipimo hivyo, au kubadili namna mashine inavyoisoma diski wakati wa kuwaka.

Mfano wa pili ni wa Oktoba 2018. Microsoft ilitoa toleo la 1809 la Windows 10 tarehe 2, na tarehe 6 ikalisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu waliona hati na picha zao zimefutwa. Hapo orodha ya mafungu haikuwa na kasoro. Faili zenyewe ndizo zilizoondolewa.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni hili: je, iliyopotea ni ramani, au ni mazao? Dawa ya moja si dawa ya lingine.

Kupima kabla ya kutibu

Fungu lisiloonekana laweza kuwa katika hali moja ya hizi tatu.

1. Fungu lipo katika orodha, ila limekosa herufi. Fungua chombo cha Windows cha kusimamia diski. Ukiliona hapo na ukubwa wake wa zamani, basi lipe herufi tu, na kazi imekwisha.

2. Fungu lipo, ila namba yake imebadilika. Hii huwapata wenye Linux na Windows katika mashine moja. Programu ya GRUB hulitafuta fungu kwa mahali pa zamani, hailioni, husimama katika kioo cheusi chenye maneno "grub rescue". Hapa GRUB ndiyo ya kutengenezwa. Diski haina ugonjwa.

3. Fungu halimo katika orodha kabisa, na mahali pake huonyeshwa kuwa ni nafasi tupu. Hii ndiyo hali ya kuogopwa, maana mashine yaweza kukuuliza kama wataka kuifomati nafasi hiyo. Jibu ni hapana. Kufomati ni kumpa mtu mwingine shamba alime. Katika diski za kisasa zisizo na sahani ya kuzunguka, yaani SSD, hatari ni kubwa zaidi. Mfumo ukifomati, waweza kuiambia diski kwamba sekta zile hazina kazi tena, nayo diski huzisafisha yenyewe. Zikisha kusafishwa, hakuna programu ya kuzirudisha.

Kazi ya kurudisha

Jambo la kwanza ni kuacha kuiandika diski ile. Zima mashine. Usiiwashe kwa mfumo uliomo, kwa maana kila mfumo ukiwaka huandika mambo yake. Washa kwa Linux iliyo katika flashi, au itoe diski uifunge katika mashine nyingine.

Jambo la pili ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, katika diski nyingine isiyo ndogo kuliko hiyo. Programu ya ddrescue hufanya kazi hii vizuri, hata kama diski ina sekta mbovu, kwa kuwa huchukua kwanza zile nzima na kuzirudia mbovu baadaye. Yataka subira: kwa mwendo wa megabaiti 30 kwa sekunde, gigabaiti 500 huchukua zaidi ya saa nne na nusu. Lakini ukiwa na nakala, kosa lolote laweza kurudiwa.

Jambo la tatu ni kutafuta masale. Programu iliyo mashuhuri kwa kazi hii ni TestDisk, iliyotungwa na Christophe Grenier, nayo ni ya bure. Haitegemei orodha iliyopotea, bali hupita diskini ikitafuta alama za mwanzo wa kila fungu. Fungu la aina ya NTFS, ambayo Windows hutumia, lina sekta ya kwanza yenye herufi NTFS, na humo mmeandikwa urefu wa fungu lote. Tena nakala ya sekta hiyo huwekwa mwishoni mwa fungu. Basi TestDisk ikiona kichwa, hupima urefu na kwenda kuutazama mkia. Vikipatana, mpaka umejulikana. Mafungu ya Linux ya aina ya ext nayo yana alama yake, baiti 1024 kutoka mwanzo, na nakala zake huwekwa mahali pengine ndani ya fungu.

Chagua diski, kisha neno "Analyse", kisha "Quick Search". Kama fungu halikuonekana, endelea na "Deeper Search", ambayo hukawia kwa sababu hutafuta mahali pengi zaidi. Fungu likionekana, usifanye haraka ya kuandika. Libonyezee herufi P ili uone majina ya faili zilizomo. Ukiyasoma majina unayoyajua, umepata ushahidi. Usipoyaona, pengine umeonyeshwa mpaka wa kale wa mgawanyo uliokwisha kubadilishwa, nao hukuta mara kwa mara katika diski iliyotumika miaka mingi. Nakili kwanza faili za lazima, ukiziweka katika diski nyingine. Baada ya hayo tu ndipo uchague "Write", ili orodha iandikwe upya.

Yaliyotokea shuleni kwetu

Mwaka jana mashine ya ofisi ya masomo ilitiwa toleo jipya na fundi wa kukodiwa, na umeme ukakatika kazi ikiendelea. Ilipowaka, D haikuwapo. Katika D mlikuwa na alama za miaka minne na kazi za vitendo za watahiniwa wa kidato cha sita, nasi tulikuwa na majuma matatu tu kabla ya kuzipeleka. Fundi alishauri ifomatiwe, watahiniwa waanze upya. Bruda anayetufundisha kompyuta alikataa. Akasema, "Kwanza tuhesabu kilichopo." Akachagua wanafunzi wawili wamsaidie, nami nikiwa mmoja.

Siku ya kwanza tulinakili tu, wala hatukugusa kitu kingine. Wenzetu walikuja dirishani kila mara kuuliza habari, na jibu letu lilikuwa lile lile: bado. Siku ya pili "Quick Search" haikutuonyesha D. Mwenzangu akakata tamaa, lakini Bruda akasema tuendelee na ile ya pili. Karibu na saa kumi alasiri fungu likaonekana. Nilibonyeza P, na jina la kwanza nililolisoma lilikuwa la folda ya darasa letu. Tulipomaliza kunakili, faili chache hazikufunguka, kwa kuwa sekta zake zilikuwa zimeandikwa juu. Mtahiniwa mmoja alipoteza sura mbili za kazi yake, akaziandika tena usiku na mchana. Wengine wote walipata kazi zao.

Kama TestDisk ingeshindwa, ingebaki njia ya mwisho, nayo ni PhotoRec ya mtungaji yule yule. Hiyo haitafuti mipaka wala majina. Hutafuta umbo la kila faili. Picha ya JPEG huanza kwa baiti za namna moja sikuzote, na hati ya PDF huanza kwa herufi zake. Hukusanya inazoziona, lakini huzirudisha bila majina, nawe hubakiwa na kazi ya kuzifungua moja moja.

Yatupasayo kufanya

Ndugu zangu, kurudisha ni kazi nzuri, lakini kutopoteza ni bora zaidi. Kabla ya kutia toleo jipya, fanya mambo matatu. Nakili kazi zako katika diski ya nje, kisha ichomoe kabisa, maana nakala iliyo katika D ya mashine ile ile si nakala ya akiba. Andika katika karatasi mwanzo na mwisho wa kila fungu. Linux hukuonyesha kwa amri ya fdisk -l, na karatasi moja yatosha. Na kama mashine ni ya mezani, usianze kazi hiyo pasipo betri ya kushikilia umeme.

Na kama balaa imekwisha kuingia, kumbukeni mashamba. Ofisi yaweza kuungua, na migomba ikawa ingali imesimama. Asiyejua huchukua jembe na kulima. Mwenye akili hutembea kwanza mpakani, akahesabu masale. Haraka haraka haina baraka, na katika diski iliyopoteza orodha yake, kubonyeza mara moja tu kwatosha kuihakikisha methali hiyo.