Msafara Si Mbio: Somo la Baiskeli kutoka Vilima vya Ngara

Wanachuo wenzangu, kila Oktoba ikikaribia naulizwa swali lile lile: "Wewe mtu wa Ngara, kwenye ile milima yenu mnaendeshaje baiskeli?" Anayeuliza mara nyingi ameona picha za Twende Butiama, msafara unaofanyika tangu 2019 kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu Nyerere. Njiani wanapanda miti na kuchangia shule. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Muulizaji anataka kujiandikisha, au anataka tuanzishe wa kwetu hapa chuoni.

Mimi nimekulia Kanazi, na ninaunga mkono wazo hilo. Ila kabla boom halijaishia kwenye jezi na miwani, tusome kwanza somo lenyewe.

Kwanza, jua unaingia kwenye nini

Kuna mbio na kuna msafara. Septemba 2025 majirani zetu wa Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya mwisho wanaume waliendesha kilomita 267.5, na vilima vyote vikijumlishwa vilizidi mita 5,000. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu. Kwenye mbio hilo halina tatizo, maana kazi ya mbio ni kuchuja watu.

Msafara kazi yake ni kinyume. Mwalimu alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967 kuunga mkono Azimio la Arusha, hakuna aliyeuliza alitumia dakika ngapi. Msafara unapimwa kwa idadi ya waliofika salama. Ukienda kwenye msafara na roho ya mbio, utajiumiza na utawaumiza wenzako.

Pili, hesabu ya mlima

Hapa wa fizikia wanisahihishe. Chukua mtu wa kilo 65, baiskeli na mzigo kilo 20, jumla kilo 85. Kupanda mita 100 kwenda juu ni 85 × 9.8 × 100, yaani kama kilojuli 83. Msuli wa binadamu unageuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, kwa hiyo mwili unachoma kama kilokalori 80. Hiyo haifiki hata ndizi mbivu moja ya wastani. Lakini siku ya vilima inaweza kukusanya mita 1,000 za kupanda: hapo ni kilokalori 800 za mlima peke yake, bado upepo, vumbi na tambarare.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mapafu mazuri na bado akazimika ghafla saa sita mchana. Mafuta yameisha. Kula kabla hujasikia njaa, kidogo kidogo, kila nusu saa. Kunywa maji kila mara, na yasiwe maji matupu siku nzima: jasho linatoka na chumvi. Viazi vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa chumvi vinatosha kabisa.

Na mlima ukikuzidi, shuka. Kwetu Kanazi anayepeleka mkungu wa ndizi sokoni kwa baiskeli isiyo na gia akifika kilimani anateremka na kusukuma, na hakuna anayemwona ameshindwa. Kinachotisha ni ule mchezo unaoonekana kwenye milima ya Burundi, wa kushikilia lori kwa nyuma likuvute. Usijaribu hata kwa utani.

Tatu, ogopa mteremko kuliko mlima

Mlima unachosha, ila hatari yenyewe iko kwenye mteremko. Ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 40, nguvu ambayo breki lazima ziimalize haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Rimu zikilowa, breki za mpira zinachelewa kushika. Kwa hiyo anza kufunga breki mapema, funga mbele na nyuma kwa pamoja, achia kidogo, funga tena. Kwenye udongo mwekundu uliolowa punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri uwe ndani ya kona.

Kukaa nyuma ya mwenzako kunapunguza upepo, na kwenye tambarare unaokoa nguvu nyingi. Kwenye mteremko achianeni nafasi. Mmoja akianguka, wengine wapate pa kupita.

Nne, barabara ina wenyewe

Barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo ni njia ya malori ya Rwanda na Burundi. Dereva wa semitrela akiwa anateremka hawezi kukukwepa kirahisi. Endesheni mmoja nyuma ya mwingine, na muwe na kioo cha pembeni na nguo zinazoonekana. Mkivuka daraja la Rusumo kumbukeni kwamba Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Mtu aliyechoka husahau hilo kwenye mzunguko wa kwanza tu.

Jingine ni saa. Jua la Ngara linachomoza karibu nusu saa baada ya la Dar. Ratiba ya "tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi" iliyoandikwa na mtu wa Pwani, kwetu inaweza kuwa safari ya gizani. Na kuanzia Septemba hadi Desemba panga ukijua mvua ipo.

Tano, wa mwisho ndiye kipimo

Niliwahi kushiriki safari moja ya kuchangisha fedha. Gari la nyuma liliwapita waendeshaji ili liwahi picha za mapokezi. Kijana mmoja akapata pancha, pampu ilikuwa ndani ya gari lile. Giza likamkuta peke yake, hana taa, malori yanapita. Alifika saa tatu usiku akiwa mzima, sisi tumeshakula na hotuba zimeshatolewa. Siku hiyo wangeweza kupiga simu nyumbani kwao kutoa habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla hujalipa kiingilio, muulize mwandaaji maswali haya. Nani anakaa nyuma ya wa mwisho, na ana ruhusa ya kupita mbele? Ana pampu, tyubu, viraka, taa na kisanduku cha huduma ya kwanza? Kituo cha afya kilicho karibu kila siku ni kipi? Nani ana mamlaka ya kusema "leo tunasimama" mvua ikizidi? Watu wanahesabiwa wangapi wakiondoka, na wangapi wakifika?

Serikali yetu ya wanafunzi ikiamua kuandaa msafara, naomba majibu ya maswali hayo yaandikwe na kubandikwa kabla ya kuchagua rangi ya jezi. Na jina la atakayekaa nyuma liwe la kwanza kwenye orodha. Mimi mwenyewe nafasi hiyo naiomba.