Kutoa Maoni juu ya Kitabu cha Mtoto

Somo letu safari hii ni vitabu vya picha vinavyowasimulia watoto maisha ya watu. Tukiulizwa kitabu tulichomnunulia mtoto kikoje, wengi wetu hujibu, "Kizuri, kina picha." Jibu hilo halimsaidii mzazi mwingine mwenye fedha ya kitabu kimoja tu. Kuhusu maisha ya Mwalimu Julius Nyerere, sisi wa Kabasa twaweza kusema zaidi ya hayo, kwa kuwa Butiama, alikozaliwa tarehe 13 Aprili 1922, si mbali na kwetu.

Tuanze na picha, maana mtoto huzisoma kabla ya maneno. Wazanaki walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele, na Mwalimu naye alichongwa. Mchoraji akimpa meno ya kawaida, amechora mtu mwingine. Na akipanda minazi kwenye mawe ya Butiama, mtoto wa huku atacheka. Kicheko hicho nacho ni maoni, kiandikeni.

Katika maneno, habari za mvulana wa miaka 12 anayeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, hazina ubishi. Ubishi huanzia kwa baba yake, Mtemi Nyerere Burito, aliyekuwa na wake wengi, na Mgaya, mama yake Mwalimu, alikuwa wa tano. Wako wazazi wasiotaka jambo hilo liwe katika kitabu cha mtoto. Sisi twaona liwemo. Mtoto ambaye babu yake mwenyewe alioa wake watatu hatashtuka. Tutakaoshtuka ni sisi wazee wa kanisa.

Lililo gumu zaidi ni habari ya vijiji. Kati ya 1973 na 1976 serikali iliwahamishia mamilioni ya watu katika vijiji, wengine kwa nguvu, na mahali pengine nchini nyumba zilichomwa moto. Mkoa wetu nao ulihamishwa, na wapo wazee walioacha mashamba na makaburi ya wazazi wao. Miaka hiyo hiyo, Novemba 1974, TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Wako wasemao mtoto apewe habari ya shule tu, ile ya kuhamishwa aikute sekondari. Lakini bibi yake atamsimulia kabla ya hapo, na mtoto ataanza kukitilia shaka kitabu kizima, pamoja na yale ya kweli. Kwa hiyo twataka yote mawili yawemo. Kitabu cha Samweli hakikumfichia Daudi kosa lake, nasi twakisoma pamoja na watoto.

Watu wazima wamepata kazi ya Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata ya mwaka 2020, vitabu vitatu kwa Kiingereza, yenye sifa na lawama pamoja. Mtoto wa darasa la tatu hahitaji vitatu. Sentensi tatu za Kiswahili chepesi zingemtosha, na picha moja ya familia iliyobeba mizigo yake.

Basi msomeni kitabu pamoja na mtoto, na mzee aliyehamishwa awepo. Mwacheni mtoto aseme kwanza. Kisha andikeni namba ya ukurasa, kilichomo, kilichoachwa, na umri wa mtoto aliyesoma.