Ujira wa Mtumishi wa Sadaka

Msomaji mpendwa, ukiajiriwa katika mojawapo ya ofisi za misaada hapa Dar es Salaam, swali hili litakufikia: je, atumikiaye kazi ya heri anayo haki ya kuuliza ujira wake umepangwa kwa kipimo gani? Wako wasemao kuwa kuuliza ni uchoyo. Humwambia karani, mpishi au dereva, "Hii ni kazi ya Mungu, ridhika," hali mshahara wa mkubwa wa ofisi hautajwi kamwe mbele yake.

Maneno hayo hayana msingi katika Qurani Tukufu. Sura At-Tauba inapowahesabu wastahiki wa zaka, inawataja mafakiri na maskini, kisha papo hapo watumishi wa zaka yenyewe. Basi mtumishi hakuambiwa afanye bure, wala hakuachwa ajikatie fungu kwa siri. Haki yake imetajwa katika Kitabu kisomwacho na wote, hata na yule maskini aliyewekewa mali hiyo.

Na katika Sura Al-Qasas, Nabii Musa (a.s.) alielezwa masharti kabla hajashika kazi: atumike miaka 8, naye ataozwa binti wa mwajiri wake, akitimiza 10, hiyo ni hiari yake. Tazama jinsi deni lilivyotengwa na hisani. Miaka 2 ile hakuna aliyeweza kumdai.

Wengi huyachanganya mambo haya mawili, na hata watu wema wamepata kuyachanganya. Wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), mtumishi mmoja wa umma alikuwa akikataa malipo yake, kwa kuwa alikuwa na mali ya kumtosha na alitaka ujira wake uwe sadaka kwa Waislamu. Sayyidna Umar alimkataza. Akamweleza kuwa yeye naye aliwahi kufanya vivyo hivyo, na Mtume Mtukufu (s.a.w.) akamwagiza apokee kwanza, mali iwe yake, ndipo aitoe sadaka akipenda. Kwa hiyo, msomaji, mshahara uliopunguzwa na mkubwa bila ridhaa yako haukuandikii sadaka yoyote. Hukutoa, umenyimwa.

Vipi basi kuhusu uwazi? Hapa Kivukoni, penye Ikulu ya Magogoni, ilitukia tarehe 22 Oktoba 1966 kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaachia asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa utumishi wao. Mwalimu Nyerere alighadhibika, akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300, adhabu ambayo mimi naiona kali mno. Lakini katika ghadhabu ile alitaja mbele yao mshahara wake mwenyewe, shilingi 5,000 kwa mwezi, na papo hapo akaupunguza kwa asilimia 20. Ni wakuu wangapi wa mashirika ya misaada, wawahimizao wafagiaji wao kujinyima, wangethubutu kusema tarakimu yao mbele ya hao wafagiaji?

Sheria ya Tanzania Bara nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ahakikishe mwanamume na mwanamke wanalipwa sawa kwa kazi ya thamani sawa, na kila malipo yafuatane na maelezo ya maandishi. Makato hayaruhusiwi ila kwa sheria, mapatano ya pamoja, agizo la mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au kwa deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. Shirika la hisani halikutolewa katika hukumu hizo.

Basi omba karatasi ya malipo kila mwezi, uitunze. Ukiona pungufu, anza kwa mkuu wako kwa adabu na kwa maandishi. Asipokujibu, liko shauri la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; ila usikawie, kwani madai ya ujira hupelekwa huko ndani ya siku 60.