JE, TWAJUA TUNALOLISEMA?



Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho jambo ambalo lingefaa kubandikwa mlangoni pa kila kanisa. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 14, asema kwamba kanisani ni heri maneno matano yanayofahamika kuliko maneno elfu kumi ambayo msikilizaji hayajui. Juu kidogo ya hapo atoa mfano wa tarumbeta: ikitoa sauti isiyoeleweka, ni askari gani atakayejiweka tayari kwa vita? Paulo alikuwa akizungumza habari za kunena kwa lugha. Lakini yawezekana pia mtu akasema Kiswahili safi, kila neno likatamkwa sawasawa, na hata hivyo msikilizaji akaenda zake na jambo lingine kabisa. Somo la mwezi huu lahusu maneno ya namna hiyo, yale tunayoyatumia kila Jumapili na hatujapata kuulizana maana yake.

Tuanze na neno lililomo katika Sala ya Bwana, ambayo hata mtoto mdogo aijua kwa moyo. Humo twaomba mapenzi ya Mungu yafanyike duniani. Ukimwuliza kijana neno mapenzi lina maana gani, atakutajia nyimbo za redioni. Hana kosa, maana ndivyo neno hilo litumikavyo siku hizi. Asili yake ni kupenda, na kupenda katika Kiswahili kuna njia mbili. Wasema "nampenda mama yangu", na tena wasema "fanya upendavyo", yaani fanya kama utakavyo. Watafsiri wa Sala ya Bwana walifuata njia ya pili. Mapenzi ya Mungu ni yale ayatakayo, nia yake na shauri lake. Katika Kiyunani, lugha ya Agano Jipya, neno lililopo hapo ni thelema, nalo ni mbali na neno agape, ambalo katika Biblia zetu ni upendo au pendo. Bwana Yesu alipokuwa bustanini Gethsemane akachagua mapenzi ya Baba badala ya yake mwenyewe (Luka 22:42), alikuwa akiamua jambo, tena kwa uchungu mwingi.

Mtu aweza kusema, hayo ni mambo ya walimu, yaniongezea nini? Mkanganyo huu hauna madhara makubwa darasani. Madhara yake huonekana msibani.

Fikirini mtoto wa miaka 7 aliyefiwa na mama yake. Ameketi mkekani katikati ya watu wazima. Anasikia mmoja akisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Mwingine aongeza, "Mungu amempenda zaidi." Mtoto huyu alijua neno mapenzi kabla hajajua kusoma, naye alijua kwa njia ya mama yake. Sasa aanza kupiga hesabu zake kimya kimya. Mungu alimpenda mama, akamchukua. Basi Mungu akinipenda mimi, itakuwaje? Akimpenda mdogo wangu? Jumapili ijayo katika Shule ya Jumapili ataimbishwa kwamba Mungu anampenda, naye ataimba pamoja na wenzake, lakini moyoni amejaa hofu. Hakuna aliyekusudia kumfundisha mafundisho hayo. Wote walitaka kumfariji. Ila maneno yalipita mdomoni bila kupimwa, na mtoto ndiye aliyeyapima.

Bwana wetu alipofika Bethania kwenye kaburi la Lazaro hakumweleza Martha wala Mariamu kwamba ndugu yao amependwa zaidi. Alilia (Yohana 11:35). Mtoto kama huyo afadhali aambiwe maneno machache yaliyo kweli: Mama alikuwa mgonjwa sana, madaktari walijitahidi, amekufa. Mungu hajakuacha. Shangazi atalala nawe usiku huu. Tena asionewe haya akiuliza swali lile lile mara kumi.

Na sisi watu wazima tunalo la kufikiri hapo. Kama kila litokealo ndilo mapenzi ya Mungu, kwa nini Yesu atufundishe kuomba yafanyike? Yangekuwa yamekwisha kufanyika. Sala yenyewe yaonyesha kwamba duniani kuna mambo mengi yanayofanyika kinyume cha apendavyo Mungu. Dereva mlevi akimgonga mtu kando ya barabara, twasikia tena, "Ni mapenzi ya Mungu." La, ndugu zangu. Ulevi ule haukuwa mapenzi ya Mungu, wala breki mbovu ambazo mwenye gari alizijua tangu wiki iliyopita. Mungu aweza kutushika mkono katikati ya msiba bila yeye kuwa ndiye aliyeuleta. Tukimtwika Mungu kila kitu, wenye makosa hupona, na wafiwa hubaki wakimnung'unikia asiyehusika.

Katika Amri Kumi, Kutoka 20:5, Mungu aitwa mwenye wivu. Hapa Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Jirani akiezeka bati jipya nawe ukakosa usingizi, watu husema una wivu, ingawa jina lake hasa ni husuda au kijicho. Mungu hana haja ya bati la mtu. Wivu wa Kutoka 20 ni ule wa mume au mke ambaye hakubali agano la ndoa yake lichezewe na mtu wa nje. Mwalimu wa darasa la ubatizo akilipita neno hilo bila kulieleza, atakuwa amewafundisha wanafunzi wake juu ya Mungu mwenye tabia wanayoionya kwa watoto wao.

Hali kadhalika kumcha Mungu. Kitenzi hiki kifupi, kucha, karibu kimetoweka katika mazungumzo ya kila siku, kimebaki kanisani na msikitini. Wengi hukifasiri kuwa ni kuogopa tu, kama mtu aogopavyo nyoka. Lakini mwenye kuogopa nyoka hukimbia, na mcha Mungu humkaribia Mungu kwa heshima kubwa. Mwoga na mcha Mungu si mtu mmoja.

Sasa tutazame jamaa moja ya maneno inayopendeza sana. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na maneno mengi ya dini katika Kiswahili yametoka katika Kiarabu. Basi shikeni maneno haya: imani, amini, mwaminifu, amana, amani. Yote yametoka katika shina moja, lenye maana ya kuwa salama na kutegemeka. Upande wa Kiebrania shina hilo hilo limetupa neno amina, lenye maana ya jambo lililo thabiti, lisilotikisika.

Neno la kulikazia macho hapo ni amana. Mtu anayesafiri humwachia jirani fedha zake au ng'ombe wake, naye husafiri akilala usingizi. Hiyo ni amana. Aliyeacha mali kwa jirani hakusadiki tu kwamba jirani yupo. Ameuachia mkono wake kitu kilicho chake. Mtume Yakobo asema hata mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, nao hutetemeka (Yakobo 2:19). Wanaijua habari hiyo, lakini hawajaweka kwake amana yoyote. Mwalimu akiulizwa na kijana wa darasa la kipaimara, "Imani ni nini hasa?", nadhani mfano wa amana utamfaa kuliko maelezo marefu. (Kipaimara chenyewe ni neno linalojieleza: ni kile kinachompa mtu imara. Ni ajabu jinsi tulivyo wachache tulioligundua hilo.)

Tena amina. Kuna desturi ya kuitika amina kwa sauti kubwa kila msemaji anaponyamaza kuvuta pumzi, hata wakati wa matangazo ya michango. Katika ile sura ya 14 Paulo auliza, mtu ataitikaje amina baada ya kushukuru kwako, ikiwa hajui ulilosema? Kwake yeye amina ilikuwa kama kutia sahihi kwenye karatasi. Nani atie sahihi karatasi asiyoisoma?

Hata hivyo tusizidishe mambo ya asili za maneno. Padre ni neno la Kireno, maana yake baba, wala hakuna mtu amwitaye baba yake mzazi padre. Asili hutusaidia kuona, lakini maana hukaa kwa watu walitumiao neno leo. Kasisi hapo zamani lilikuwa na maana ya mzee, askofu ni mwangalizi, na shemasi ni mtumishi. Ni vizuri wahusika wenyewe wakikumbuka hayo, hasa wa katikati na wa mwisho. Mkristo aliyelelewa Masasi au Unguja, ambako Injili ililetwa na wamisionari wa UMCA, amezoea kusema Padre na Misa. Akihamia Dodoma au Mombasa, penye msingi wa CMS, mara nyingi atasikia Mchungaji na Ushirika Mtakatifu au Meza ya Bwana, na pengine atadhani ameingia dhehebu jingine. Hajatoka katika Kanisa lake. Ni majina tu yamebadilika, na wenyeji wangemsaidia mgeni kama wangemwambia mapema.

Liko jambo moja zito zaidi kuhusu majirani zetu Waislamu. Ludwig Krapf wa CMS alipofika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864, walikuta Kiswahili tayari kina maneno ya dini: malaika, shetani, nabii, toba, dhambi, neema, sala. Hayo yalikuwa yakitumiwa na Waislamu wa pwani kwa karne nyingi. Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu tangu 1874 hata kufa kwake mwaka 1882, na wenyeji waliomsaidia, hawakubuni lugha mpya kwa ajili ya Biblia. Walichukua lugha ya watu. Hiyo ni faida kubwa, kwa maana Mkristo na Mwislamu wa Kiswahili waweza kuzungumza habari za Mungu bila mkalimani. Lakini ndiyo sababu pia kila mmoja hudhani mwenzake ana maana ile ile aliyo nayo yeye.

Chukueni zaka. Kwa Mwislamu, zaka ya fedha aliyoiweka ni fungu moja katika arobaini, yaani asilimia 2.5, na wanaostahili kupewa wametajwa. Kwetu sisi, kwa kufuata Malaki 3:10, zaka ni fungu la kumi la mapato, nalo hupelekwa nyumbani mwa Bwana. Neno ni moja, hesabu ni mbili. Ama neno ushirika, ambalo kwetu ni tamu sana, ni la shina moja na shirki, dhambi ambayo Mwislamu aiona kuwa kubwa kupita zote: kumwunganisha Mungu na kitu kingine. Ukimwambia jirani yako kwa furaha, "Leo tumeshiriki mwili wa Bwana," yeye asikia nini? Na ukisema Yesu ni Mwana wa Mungu, yeye aweza kudhani unasema Mungu alioa akazaa, jambo ambalo hakuna Mkristo aliyeliamini wala kulifundisha. Anachokikataa kwa ukali, nawe wakikataa. Kazi yako hapo ni kumwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, neno hilo umelisikiaje?" kabla ya kuanza kulitetea. Ugomvi mwingi wa vibarazani ungepungua kwa swali hilo moja, na lile lililobaki baada yake lingekuwa tofauti ya kweli, inayostahili kuzungumzwa kwa heshima.

Swali hilo hilo lafaa hata kwa Halmashauri ya mtaa. Mwenyekiti akisema waumini "watashirikishwa" katika ujenzi, mmoja aelewa kwamba ataulizwa shauri, wa pili kwamba ataarifiwa tu, na wa tatu aelewa kwamba atatozwa. Katika siku za Nehemia, Walawi waliposoma torati mbele ya watu, hawakuridhika na kusoma kwa sauti. Walieleza maana hata watu wakafahamu (Nehemia 8:8). Kazi hiyo iliwachukua muda tangu asubuhi hata adhuhuri, na hatusomi kwamba kuna mtu aliyelalamika kwamba ibada imekuwa ndefu.

Kwa vikundi vya kujifunza Biblia: someni 1 Wakorintho 14:6-19 na Nehemia 8:1-12. Kisha kila mmoja aandike kwa maneno yake mwenyewe maana ya neema, toba na wokovu, bila kutazama karatasi ya jirani na bila kutumia neno lingine la kanisani. Karatasi zisomwe kwa sauti bila kutaja majina, na kiongozi wa kikundi asiharakishe kusahihisha. Maneno yatakayowashinda yaletwe kwa kasisi kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.