Anza na Ulichonacho: Somo la Picha, Video na Maumbo ya Kompyuta



Siku hizi simu yenye kamera si ajabu tena hapa Ikinga. Utaiona sokoni, utaiona harusini, utaiona hata shambani imetundikwa mtini inapiga muziki wakati watu wanapalilia kahawa. Lakini kijana akikaa nayo jioni anapiga picha, wazee husema, "Huyo anachezea chaji tu." Na kweli wapo wanaochezea. Wengine lakini wanajifunza ufundi. Fundi anajua anachotafuta, na kazi yake anaitunza.

Katika somo la leo tutajifunza mambo manne:
(a) kupiga picha nzuri,
(b) kupiga video fupi,
(c) maumbo ya kompyuta ni nini,
(d) kutunza kazi isipotee.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Utaona sababu yake.

FUNDI WA WAKALIGA

Kule Uganda, katika mji wa Kampala, kuna mtaa wa watu wa kipato cha chini uitwao Wakaliga. Hapo anaishi Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973. Alipokuwa mtoto hakuwa na fedha za kwenda sinema. Kaka zake walikuwa wakienda, wakirudi wanamsimulia. Yeye aliziona filamu hizo kichwani kwa masimulizi tu.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kufyatua matofali. Akajifunza kompyuta kwa muda mfupi, akaunda kompyuta yake kwa vipuri vilivyokwisha kutumika. Mwaka 2005 akaanzisha kikundi cha filamu nyumbani kwake. Bunduki za kuigiza zilitengenezwa kwa vyuma chakavu. Waigizaji walikuwa majirani, nao walijitolea. Moto, milipuko na helikopta aliviunda mwenyewe ndani ya kompyuta. Filamu zikiwa tayari, waigizaji walizitembeza mtaani wakiuza DVD mlango kwa mlango.

Mwaka 2010 alitoa filamu iitwayo "Who Killed Captain Alex?", maana yake "Nani Alimuua Kapteni Alex?" Inasemwa haikugharimu hata dola 200 za Marekani. Sehemu yake fupi iliwekwa kwenye YouTube, na watu wa nchi nyingi wakaitazama. Mwaka 2019 filamu yake nyingine, "Crazy World", ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la filamu la Toronto, Kanada.

Tunajifunza nini? Nabwana hakungoja apate studio. Alianza na uwanja wa nyumba yake, majirani zake na vyuma vya jalalani. Basi na wewe anza na ulichonacho.

JINSI YA KUPIGA PICHA NZURI

Kamera hula mwanga. Bila mwanga mzuri, hata simu ya bei kubwa itatoa picha mbaya. Fuata hatua hizi:

1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi na laini. Simu hukaa mfukoni na jasho na vumbi, ndiyo maana picha nyingi huwa na ukungu wakati nje hakuna ukungu wowote.

2. Tafuta mwanga. Jua liwe nyuma yako au ubavuni kwako, lisiwe nyuma ya unayempiga. Asubuhi na jioni ni saa nzuri. Saa sita mchana jua hutia kivuli machoni. Kama mpo ndani, mkalishe mtu karibu na mlango ulio wazi.

3. Sogea kwa miguu. Usivute picha kwa vidole kwenye kioo, maana ukivuta hivyo picha inapoteza ubora.

4. Bana viwiko mbavuni, tulia, ndipo ubonyeze. Mkono ukitikisika, picha nayo inatikisika.

5. Tazama kilichopo nyuma ya mtu. Mlingoti usije ukaonekana kama umeota kichwani mwake!

Usidhani ufundi huu ni mdogo. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Alianza akiwa mwanafunzi, na kamera kuukuu ya kawaida. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu, na misaada mingi ikapelekwa kuokoa watu. Alifariki mwaka 1996. Kilichoanza kama mapenzi ya mtoto kwa kamera kilikuja kuokoa maisha.

JINSI YA KUPIGA VIDEO FUPI

Laza simu, usiisimamishe, kama video yako itatazamwa kwenye televisheni au kompyuta. Kisha usipige kipande kimoja kirefu huku unazungusha mkono kama mtu anayefukuza nyuki. Piga vipande vifupi vya sekunde 10, simu ikiwa imetulia.

Kila kazi ipige kwa namna tatu: kwa mbali, kwa karibu, na karibu kabisa. Tuseme unapiga video ya bibi anayesuka kikapu. Kwanza onyesha bibi na uwanja wake. Halafu onyesha bibi na kikapu. Mwisho onyesha vidole vyake tu, namna vinavyopitisha ukindu chini na juu. Vipande hivyo vitatu ukiviunganisha, mtazamaji ataielewa kazi.

Na sauti je? Sauti mbaya huharibu video kuliko picha mbaya. Simama hatua moja kutoka kwa msemaji, epuka upepo, na zima redio.

MAUMBO YA KOMPYUTA

Mtoto akifinyanga ng'ombe wa udongo, ameunda umbo. Unaweza kuligeuza ukalitazama mbele, nyuma na ubavuni. Kompyuta nayo inaweza kufinyanga, ila bila udongo. Zipo njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuunda umbo kwa mkono, kwa kutumia programu. Iko moja iitwayo Blender, na haiuzwi, ni ya bure. Filamu ya "Flow" kutoka Latvia, inayohusu paka na mafuriko, ilitengenezwa kwa Blender. Mwaka 2025 ilipata tuzo ya Oscar. Kijana anayepata nafasi ya kukaa kwenye kompyuta anaweza kuanza na kiti, kisha nyumba, kisha mtu.

Njia ya pili ni kupiga picha nyingi za kitu kimoja ukikizunguka pande zote. Kila picha irudie sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Kompyuta huziunganisha na kutoa umbo zima. Chungu, kinyago au jiwe vinafaa kwa kujifunzia.

Umuhimu wake tunauona hapa hapa Tanzania. Mwaka 1978, huko Laetoli karibu na Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka karibu milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 1979 nyayo zilifukiwa ili kuzilinda. Kumbe migunga ikaota juu yake, na mizizi ikatishia kuziharibu! Mwaka 1995 na 1996 wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale na wenzao wa Getty walizifukua, wakaondoa mizizi, wakazipiga picha na kuzipima kwa makini, kisha wakazifukia tena. Kutokana na picha na vipimo hivyo, maumbo ya nyayo hutazamwa kwenye kompyuta wakati nyayo zenyewe zimelala salama chini ya udongo.

KAZI ISIPOTEE

Sasa turudi kwa fundi wa Wakaliga. Leo hii, ukiitafuta ile filamu ya Kapteni Alex, utaona picha zake si safi sana. Kwa nini? Kompyuta yake ilijaa. Ili apate nafasi ya kutengeneza filamu nyingine, ilimbidi afute kazi yote ya mwanzo. Iliyobaki ni nakala ya DVD tu. Filamu iliyompa jina duniani ilibaki kwenye uzi mmoja.

Je, sisi? Mzee amefariki. Picha yake ya pekee ilikuwa kwenye simu ya mjukuu. Simu imetumbukia mtoni, basi, sura ya babu imekwenda na maji. Au picha ipo, lakini baada ya miaka 30 hakuna anayejua ni ya nani.

Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Simu hupiga picha, lakini kalamu ndiyo huipa picha jina. Fanya hivi:

1. Weka nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwenye memori kadi au flashi, na ya tatu kwenye nyumba nyingine kabisa.

2. Picha za thamani zisafishe kwenye karatasi. Nyuma yake andika kwa kalamu ya risasi.

3. Kuwa na daftari la picha. Liandike namna hii:

Picha namba: ........
Nani huyu: ........
Anafanya nini: ........
Kitongoji: ........
Tarehe: ........
Aliyepiga: ........

RUHUSA NA UKWELI

Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu. Kwa mtoto, mwombe mzazi wake. Mgonjwa na mfiwa usiwafanye maonyesho. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukifika Tunduma, usinyanyue simu kupiga sehemu za mpakani au za ulinzi bila ruhusa.

Tena, kompyuta inaweza kumweka mtu mahali ambapo hakufika. Katika filamu huo ni mchezo, kila mtu anajua. Ukiitoa kama habari ya kweli, huo ni uongo, na unaweza kuvunja nyumba ya mtu.

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni mzee mmoja mwenye ufundi: kusuka, kufua vyuma au kutibu mifugo. Mwombeni ruhusa. Mpigeni picha tano na video ya dakika tatu. Jazeni daftari, wekeni nakala tatu. Kisha mwonyesheni yeye mwenyewe kwanza, maana ufundi ni wake.

MASWALI

1. Kwa nini jua lisiwe nyuma ya mtu unayempiga picha?
2. Taja namna tatu za kuonyesha kazi katika video.
3. Kwa nini nyayo za Laetoli zilifukiwa tena?
4. Nabwana angefanya nini ili filamu yake isipotee?
5. Jadilianeni: ni ufundi gani wa hapa Ikinga utakaopotea kwanza tusipouandika na kuupiga picha?

Elimu haina mwisho.