Daftari la alizeti kwenye kompyuta ya Linux

SINGIDA: Mfanyabiashara wa alizeti au vitunguu anayetaka daftari la bei na madeni linalofunguka kwenye intaneti halazimiki kununua programu. Django, iliyotolewa bure mwaka 2005, hufanya kazi vizuri kwenye Linux. Gharama ni bando na malipo ya fundi.

Ubuntu huja na lugha ya Python. Fundi huongeza kifurushi cha python3-venv, kisha hutenga eneo la mradi kwa amri ya python3 -m venv mazingira na kuliwasha kwa source mazingira/bin/activate. Hatua hii wengi hupenda kuiruka, lakini Ubuntu za tangu 2023 hukataa pip nje ya eneo hilo, na ni afadhali. Hufuata pip install django, halafu django-admin startproject soko. Ndani ya folda ya soko, python manage.py migrate huandaa hifadhidata, ambayo kwa kuanzia ni faili moja la SQLite. Faili hilo likipotea, madeni yote yamepotea. Nakala itunzwe kwenye kifaa kingine kila jioni.

Amri ya runserver ni ya majaribio tu. Aidha DEBUG ikibaki True, hitilafu ndogo humfunulia mgeni mambo ya ndani ya mradi. Iwekwe False, na ALLOWED_HOSTS ijazwe, kabla mteja wa kwanza hajafungua.