Dondoo Muhimu: Kuhamishia Nakshi Juu ya Felti

Felti, kwa kuwa ni sufu iliyoshindiliwa pasipo kufumwa, haipitishi nuru wala haishiki vyema alama za karatasi ya kaboni. Kwa hiyo mwenye kutarizi asitaabike kuiweka dirishani ili afuatishe nakshi, bali aichore kwanza katika karatasi ya shashi, aishikize kwa bandi pembeni na katikati, kisha atarizi juu ya karatasi na kitambaa kwa pamoja. Akiisha, aikwaruze mistari kwa ncha ya sindano butu na kuichana karatasi taratibu, huku kidole kikiilinda mishono isivutike. Achore kwa wepesi, maana risasi ya penseli huchafua nyuzi nyeupe, na uchafu huo hautoki kwa urahisi.

Kwa joho na vitambaa vingine vizito, njia ya kale ingali bora: atoboe kwa sindano mistari ya nakshi iliyochorwa katika karatasi, aiweke karatasi juu ya kitambaa, apitishe unga wa chaki katika matundu, kisha aunganishe nukta kwa penseli nyeupe.

Uzi usizidi dhiraa moja. Na felti ya sufu ikipata maji ya moto hurudi, wala haitanuki tena.